Hivi ni kweli kuna Wahindi Wekundu walivaa makoti ya chuma vitani? Wajuzi njooni mniokoe na shemeji

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu kwema? Poleni na majukumu. Mimi ni mlinzi, usiku niko getini mchana nalala, sasa juzi nilikuwa ofu nikaenda kwa dada kula pilau, tukawa tunaangalia muvi ya makauboi na shemeji. Humo ndani kuna chifu mmoja wa Wahindi Wekundu kavaa koti la chuma, lile la vipete vipete kama la wanajeshi wa Ulaya wa enzi za mapanga, anapita na farasi mbele ya wazungu wanammiminia risasi na wala haanguki. Shemeji akacheka mpaka akapaliwa, akasema hawa wa muvi wanatuona wajinga, Wahindi Wekundu walipigana kifua wazi na manyoya kichwani, chuma wakitoe wapi wakati hata msumari walikuwa wananunua kwa mzungu. Mimi nikabisha, niliwahi kusikia zamani kwamba mtu kama huyo alikuwepo kweli, ila ushahidi sina. Tumewekeana soda mbili za baridi, dada kawa refa.

Sasa naomba kujua, alikuwepo au hakuwepo, na kama alikuwepo koti alilipata wapi, na risasi ilikuwa haipiti kweli au ni chai? Na kuna lingine ndo linaniuma zaidi, kwenye muvi wale walinzi wa mpaka wenyewe hawajavaa kitu, shati na kofia basi, inakuwaje mwenyeji ndo ana chuma halafu mlinzi mwenye serikali nyuma yake hana? Nauliza kwa uchungu kidogo maana kazini kwetu (kampuni siitaji, ugali wangu uko humo) tuligawiwa majaketi meusi mazito tukaambiwa haya risasi haipenyi, tukakatwa kwenye mshahara miezi mitatu, siku moja la mwenzangu likachanika ubavuni kwenye seng'enge tukakuta ndani sponji la godoro na boksi la sabuni limekunjwa.

kaa_la_moto:

Boksi la sabuni 😂😂😂 pole sana kamanda. Uzi mzuri huu, naweka stuli pembeni nasubiri wenye nondo washushe.

mwalimu_mstaafu:

Kijana, shemeji yako aandae soda. Huyo mtu alikuwepo.

Kwanza hilo neno Wahindi Wekundu, na mimi nililiandika ubaoni miaka na miaka kwa hiyo sikulaumu, lakini ukisema hivyo ni kama mtu aseme Waafrika walivaa kaniki, Waafrika gani? Huyo wa kwako alikuwa Mkomanche. Wakomanche walikuwa watu wa farasi na nyati, wakitawala nyika za kusini kuanzia Texas kupanda juu, na Wahispania wa New Mexico walianza kuwaandika kwenye kumbukumbu zao mwaka 1706. Jina lake lilikuwa Pohebits-quasho, maana yake Koti la Chuma, na Wamarekani wakamwita hivyohivyo kwa lugha yao, Iron Jacket. Alikuwa kiongozi wa vita na pia mganga, watu wake waliamini akipuliza pumzi anageuza risasi na mishale ikapita pembeni. Ndani ya hiyo pumzi kulikuwa na koti la chuma la Kihispania. Wapo wanaomtaja kama baba wa Peta Nocona, maana yake babu wa Quanah Parker, yule chifu maarufu wa mwisho mwisho wa Wakomanche.

Alikufa tarehe 12 Mei 1858 kwenye kijito kinaitwa Little Robe Creek karibu na mto Canadian, leo ni Oklahoma. Texas walikuwa na walinzi wao wa mpaka, Texas Rangers, na kiongozi wao safari hiyo ni John Ford aliyeitwa Rip. Sasa sikiliza, Ford alikuwa na Rangers kama 100 tu hivi, na pembeni yao watu zaidi ya 100 ambao ni wenyeji vilevile, Watonkawa, Waanadarko, Wacaddo na wengine kutoka hifadhi ya mto Brazos, mahasimu wa Wakomanche wa siku nyingi. Muvi huwa hazituonyeshi hilo, zinapenda mzungu huku mwenyeji kule. Asubuhi ile Koti la Chuma akatoka mbele peke yake juu ya farasi, akawa anazunguka anapuliza, anasogea tena anapuliza. Bunduki kama tano sita zikalia kwa pamoja. Aliyeanguka kwanza ni farasi, kwa sababu farasi hakuwa na koti. Yeye akafuata baada ya muda mfupi akiwa ametobolewa vibaya, na anayetajwa kumpiga ni Jim Pockmark wa Waanadarko, tena kwa bunduki ndefu ya masafa.

Kwa hesabu ya Ford mwenyewe Wakomanche 76 walikufa siku hiyo, na hesabu ya mshindi tunaijua ilivyo. Koti walilikatakata wakagawana vipande kama kumbukumbu, kimoja kikapelekwa Austin kwa gavana Hardin Runnels. Kwa hiyo mambo mawili hapo, chuma kilikuwepo na risasi ilipita. Hizo soda mtajua wenyewe mnavyogawana.

Zamu_ya_Usiku:

Mwalimu shikamoo!! Nimesoma mara mbili. Kumbe hata gavana alitumiwa kipande. Naomba ile ya kuhusu alikopata na ya walinzi usiisahau, nakwenda kuripoti zamu nitasoma usiku.

Fundi Grili:

Mimi sio mtu wa historia, nachomelea mageti na madirisha pale Gerezani, Dar, ila kwenye chuma naruhusiwa kuongea.

Lile koti la vipete mnalosema, kila pete moja imeshikwa na pete nne, na la maana pete haziachwi wazi, ncha zake zinapondwa zinakuwa bapa, zinatobolewa zinapigwa kipini kidogo kama cha sufuria. Kazi ya kichaa ndugu zangu, pete maelfu kwa maelfu kwa mkono. Koti zima lina kama kilo kumi, na uzito wote unakaa mabegani, ukifunga mkanda kiunoni ndo unapumua kidogo. Kisu cha kukata hakipiti. Ukitaka kuona kitu hichohicho leo nenda machinjio makubwa ya kisasa uangalie mkono wa kushoto wa mchinjaji, ile glovu ya chuma ni ndugu yake kabisa. Ila kitu chenye ncha nyembamba kikija kwa nguvu, mshale, mkuki mwembamba, kinaingia kwenye tundu la pete kinaipanua mpaka inakatika. Na risasi ndo usiseme, inaingia na kipande cha pete, unakwenda na chuma tumboni bure.

Sasa la huyo chifu nilivyotafuta tafuta kuna walioliona wanasema lilikuwa la vipande vimepandana kama vigae vya paa. Hiyo ni mashine nyingine. Vigae vikipandana vizuri na chini kuna ngozi, risasi ya duara ya zile bunduki za kale, imetoka mbali imeshachoka, imekuja kwa pembeni, inaweza kuteleza kweli ikaenda zake. Naona hapo ndo sifa ya kupuliza ilipozaliwa. Mtu amepigwa mara moja mbili ikateleza watu wameona kwa macho yao, utawaambiaje sio pumzi? Halafu zikaja bunduki zenye mfereji ndani ya mtutu, risasi inazunguka inakuja na hasira zote, hapo kigae ni kama bati la geji 32.

Jaketi la boksi la sabuni sina la kusema, hata mjusi anapita.

mmatumbi_og:

Aliyetaja kupuliza risasi kanigusa pabaya. Sisi kwetu Umatumbini hizi habari hatusomi, tumehadithiwa na bibi. Kinjikitile Ngwale pale Ngarambe alitoa maji, risasi za Mjerumani zigeuke maji, mwaka 1905. Mjerumani akamnyonga tarehe 4 Agosti hata vita ya Maji Maji haijakolea, na tarehe 30 mwezi huohuo pale Mahenge watu wakaenda kwa maelfu mbele ya bunduki za rasharasha na kilichotokea kila mtu anajua.

Ninachosema, watu wakisikia hivi wanacheka, ooh washamba waliamini maji. Angalieni huyo Mkomanche, naye alikuwa na uganga huohuo, tofauti yake yeye ndani ya uganga kulikuwa na koti la chuma. Lakini faida ya uganga sio risasi kugeuka, ni watu kusogea mbele. Mtu mmoja akitoka akasimama peke yake mbele ya bunduki na asianguke, wa nyuma yake mia wanapata miguu. Kinjikitile aliunganisha makabila ambayo yalikuwa hayasalimiani. Kwa hiyo msiseme alidanganya kwa sababu ya koti, na koti lenyewe lilikuwa dawa.

kaa_la_moto:

"Wanapata miguu" hiyo naiba mkuu.

bint_mvita:

Assalam aleikum jamani, nami nichangie kidogo kutoka huku Mombasa. Nyote mwasema koti la vipete, koti la chuma, na neno tunalo tena letu kabisa, dirii, wengine hutamka deraya. Limetoka kwa Mwarabu. Wazee wetu walilijua kwa sababu waliliona likishuka majahazini, Mreno alipokuja na Francisco de Almeida mwaka 1505, Kilwa mwezi wa Julai kisha Mombasa mwezi wa Agosti, askari wake walikuwa wamevaa vyuma vifuani na vichwani. Mombasa watu walipigana nao vichochoroni, mawe na mishale ikitoka juu ya madari, mwisho mji ukachomwa na kuporwa. Hapo chuma kilishinda, tusijidanganye.

Lakini mtazameni huyohuyo Almeida miaka mitano baadaye, Machi 1510, akirudi kwao kutoka Bara Hindi akatia nanga Ghuba ya Table kule mwisho wa Afrika Kusini. Watu wake wakagombana na Wakhoikhoi, wakaenda kuiba ng'ombe na watoto. Wakhoikhoi wakawaita ng'ombe wao kwa mluzi, wakajificha nyuma ya ng'ombe kama ngao zinazotembea, na Almeida akafa kwa mkuki wa koo pamoja na watu zaidi ya 50. Koo haina dirii.

Halafu kuna jambo moja tamu. Wahispania wa mpakani huko Amerika walibeba ngao ya ngozi yenye umbo kama mioyo miwili imegandana, wakaiita adarga. Neno lenyewe ni Kiarabu, ad-daraqa, walilipata kwa Waislamu wa Andalusia waliowatawala karne na karne. Kwa hiyo huyo askari aliyemkabili Mkomanche alikuwa ameshika kitu chenye jina la Kiarabu. Dunia ndogo wallahi.

Zamu_ya_Usiku:

Dada yangu wa Mvita ahsante. Niko getini saa hizi naisoma kwa tochi ya simu. Ng'ombe kuwa ngao sikuwahi kuwaza. Mwalimu bado nakusubiri.

mwalimu_mstaafu:

Nimerudi, umeme ulikatika.

Alikopata koti. Watu wengi wanapenda kusema ni la msafara wa Mhispania Coronado wa 1540, hadithi nzuri lakini haikai. Coronado alipita kwenye hizo nyika 1541, na Wakomanche wameingia kwenye kumbukumbu za Wahispania 1706, zaidi ya miaka 160 baadaye. Hawakukutana. Lilikuwa limepita mikononi mwa watu, baba kwa mwana, au limeporwa, au limebadilishwa kwa farasi, na huko ndiko kwenye utamu wake. Mpakani kitu hakikai kwa mwenyewe.

Sasa swali lako la mlinzi asiye na chuma, ambalo mimi naliona ndilo swali la uzi huu. Jibu lake ni kwamba mlinzi alikivua mwenyewe, na alikivua mapema sana.

Hao waliotoka na Coronado watu wanawaza jeshi linang'aa kwa chuma. Walipokaguliwa Compostela kule Meksiko tarehe 22 Februari 1540 kila mtu akaandikwa amebeba nini, na wenye makoti ya pete walikuwa wachache, walio wengi wameandikwa wamevaa silaha za nchi, yaani nguo za kinga za wenyeji wa Meksiko, pamba imeshonwa nene kama godoro (kijana, sponji lako lina ukoo mrefu). Coronado mwenyewe ndiye aliyevaa chuma kilichopakwa dhahabu, na walipofika Hawikuh, kijiji cha wenyeji wanaoitwa Wazuni, tarehe 7 Julai, wale watu walio juu ya mapaa wakamwona anang'aa kuliko wote, basi mawe yote yakamshukia yeye. Akaangushwa mara mbili, akaokolewa na wenzake waliomkinga kwa miili yao. Kofia ya chuma ilimsaidia asife, ila hiyohiyo ndiyo iliyomwonyesha nani wa kupigwa.

Huku mashariki Mhispania mwingine, Hernando de Soto, alipita Florida kuanzia 1539, na kwa wenyeji wa huko, Waapalachee, watu wake walijifunza kwa maumivu. Inasimuliwa kwamba walichukua koti zuri la pete wakalivisha kikapu, wakamwambia mateka mmoja apige mshale kutoka hatua 150. Mshale ukapita koti ukapita na kikapu. Wakaweka koti la pili juu ya la kwanza, ukapita tena. Mishale mingine ilikuwa ya mwanzi bila hata ncha ya jiwe, ikigonga pete inapasuka vijiti vijiti, kila kijiti kinaingia tundu lake. Toka hapo Wahispania wakaanza kuyakejeli makoti yao wenyewe, wanayaita kitani cha Uholanzi, wakahamia kwenye blanketi lililoshonwa unene wa vidole vitatu vinne.

Halafu songa mbele miaka 200. Mpaka wa kaskazini wa Hispania Mpya, leo ni kaskazini ya Meksiko na kusini ya Marekani, unalindwa na ngome ndogo ndogo, na askari wake wanaitwa soldados de cuera, askari wa ngozi. Cuera ni koti refu lisilo na mikono linafika magotini, ngozi za kulungu zimepangwa tabaka sita saba zikashonwa pamoja, kama kilo nane. Kanuni ya mfalme ya 1772 ikaandika kila kitu, mkuki, upanga mpana, bunduki, adarga ya dada yetu wa Mvita, farasi sita kwa kila askari, mtoto wa farasi mmoja na nyumbu mmoja. Chuma mwilini hakimo. Kilitoka ng'ambo kwa meli mpaka Veracruz halafu miezi juu ya migongo ya nyumbu, kinashika kutu, na jua la Sonora ukivaa chuma unajipika. Ngozi ilikuwa hapohapo, kila mshonaji anaiweza, na mshale mwingi unakwama.

Hata ngozi yenyewe wakaichoka. Waapache, wenyeji waliokuwa wanapigana nao, walijifunza kupiga uso na mapaja, na askari akianguka kwenye farasi na lile koti, kukimbia hawezi, kupanda mlima kumfuata Mwapache hawezi, na likilowa mvua ndo balaa. Miaka ya mwisho ya 1770 kamanda Teodoro de Croix akaunda vikosi vyepesi bila cuera kabisa. Kwa hiyo ukifika 1858, unayemwona na shati na kofia ni mrithi wa watu walioanza na chuma wakaja pamba wakaja ngozi wakaishia shati, na silaha yake ya kujikinga ni bastola ya risasi sita. Chuma chenyewe kimekwenda kukaa kwa Mkomanche.

Na la kukatwa mshahara, usidhani ni la kwenu peke yenu. Mshahara wa askari wa cuera kwa kanuni ile ulikuwa peso 290 kwa mwaka, na hiyo kanuni ilikuja baada ya ukaguzi wa Marqués de Rubí wa 1766 mpaka 1768, aliyezunguka ngome zote akakuta makapteni wanawauzia askari wao nguo na vyakula kwa bei za kuruka, wanakata juu kwa juu, askari kazaliwa na deni anakufa na deni. Kuna ngome alikuta silaha mbovu na farasi wamekonda huku hesabu ya kapteni imenona. Mlinzi ni mlinzi tu mwanangu.

Fundi Grili:

Mwalimu hapo kwenye kapteni umeniua. Ila hatua 150 na koti mbili, huo upinde ulikuwa unavutwa na nani, tingatinga?

mbongo_jersey:

Wakuu niko huku New Jersey, nimechelewa uzi ila ngoja niongeze chumvi. Mnaongea habari za Texas tu, kuna watu wa pwani ya Alaska wanaitwa Watlingit, hao ndo walikuwa hatari. Nilipeleka watoto makumbusho New York kuna ukumbi mzima wa watu wa ile pwani ya kaskazini magharibi, kuna makofia ya vita ya mbao yamechongwa sura za watu na wanyama, mtoto wangu mdogo aliogopa akagoma kupita. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma.

Hawa jamaa koti lao la vita lilikuwa vipande vya mbao vimefumwa kwa kamba za misuli ya wanyama, chini yake ngozi nene tabaka kwa tabaka, shingoni kola ya mbao inapanda mpaka puani ina kitundu cha kuchungulia, unaishikilia kwa meno. Halafu wakaanza kushonea sarafu za China juu ya ngozi! Zile sarafu za shaba zenye tundu la mraba katikati, mamia yake zimepangwa kama magamba ya samaki. Utajiuliza sarafu za China zimefikaje Alaska. Ni biashara ya ngozi za fisimaji wa baharini, Waingereza na Waamerika wa Boston walikuwa wananunua kwa Watlingit wanapeleka Canton kwa matajiri wa China, wakirudi wanakuja na vitu vya huko, na sarafu zimo. Kwa Mchina ni hela ya kununua mchicha, kwa Mtlingit tundu limeshatobolewa kazi yake kushona tu.

Mrusi Aleksandr Baranov, aliyekuwa anaendesha kampuni ya manyoya kule, alivamiwa usiku 1792 na akaja kuandika kwamba risasi zao zilikuwa hazipiti zile mbao na ngozi. Inasimuliwa kuanzia hapo akawa anavaa dirii ya pete chini ya nguo. Yaani mzungu ndo anavaa chuma kumwogopa mwenyeji aliyevaa mbao, kinyume cha muvi ya mleta uzi. Mwaka 1802 Watlingit wakaichoma ngome ya Warusi pale Sitka, 1804 Baranov akarudi na meli ya kivita Neva kulipiza. Siku hiyo aliyeongoza Watlingit ni K'alyaan, kichwani kofia ya kunguru, mkononi nyundo ya mfua chuma waliyomnyang'anya Mrusi 1802. Baranov akatoka na jeraha la mkono, shambulio la siku ile likashindwa, Watlingit wakaja kuondoka wenyewe siku kadhaa baadaye baada ya baruti yao kulipuka. Kofia ya kunguru na nyundo zote zipo mpaka leo Sitka.

Fundi Grili:

Nyundo ya mfua chuma vitani. Sasa huyo ndo fundi mwenzangu, nampa heshima zote.

mmatumbi_og:

Mbongo umemaliza. Ila kuna kitu nataka kumuuliza mwalimu, Wakomanche wa kawaida ambao hawana koti la urithi walijikinga na nini? Au ndo kifua wazi kama alivyosema shemeji?

mwalimu_mstaafu:

Walikuwa na ngao, na usiidharau. Ngozi ya shingoni kwa nyati dume, inachomwa na mvuke na moto mpaka inajikunyata inakuwa nene na ngumu, halafu zinawekwa mbili na katikati wanajaza manyoya au kitu chochote cha kubana. Mshale hauingii, na risasi ya zile bunduki za zamani ikigonga kwa mshazari inateleza, ndiyo maana shujaa wa Kikomanche alikuwa haishiki imetulia, anaichezesha muda wote.

Karatasi ndiyo waligundua inajaza vizuri kuliko vyote. Walipovamia nyumba za walowezi walikuwa wanabeba vitabu, walowezi wanashangaa hawa hawajui kusoma vitabu vya nini. Charles Goodnight, aliyekuwa Ranger kabla hajawa mfugaji mkubwa, inasimuliwa alipasua ngao moja akakuta ndani historia nzima ya Roma, kurasa zote. Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu kitabu kinaokoa maisha, kumbe kuna mtu aliichukulia hiyo kauli kama ilivyo.

Na zamani zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 1700, hata farasi walivishwa ngozi. Kuna michoro miwili mikubwa kwenye ngozi iko Santa Fe inaitwa ya Segesser, mmoja unaonyesha msafara wa Pedro de Villasur ulivyomalizwa na Wapawnee na Waotoe tarehe 14 Agosti 1720 huko Nebraska, na mwingine una wapanda farasi wenye farasi waliofunikwa kinga ya ngozi. Bunduki zilivyoenea ikawa mzigo, wakaacha. Koti la Chuma hakuacha, na angekumbuka kumvisha farasi wake sijui ingekuwaje.

bint_mvita:

Historia ya Roma ndani ya ngao! Hao nao walikuwa na dirii zao, mwisho zimekwenda kujaza ngao ya Mkomanche 😄

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu nimetoka zamu saa kumi na mbili hii, nimepitia kwa dada nikampa shemeji simu asome uzi wote mwanzo mpaka mwisho. Amesoma kimya, chai imepoa. Amekubali mtu alikuwepo na koti lilikuwepo, ila kanuna kwenye idadi, anasema alibishia chuma na kweli chuma kimemshinda, lakini mimi nilisema risasi haipiti na risasi ilipita, kwa hiyo anadaiwa soda moja tu. Refa, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja, kampa haki mumewe. Nimekunywa moja.

Halafu nimemsimulia mwenzangu ya ngao na vitabu. Kasema boksi la sabuni analitoa leo, kuna madaftari ya mwanae ya darasa la tano yameisha, ataanza na Hisabati kwa kuwa ndo nene.